Mlango Ambao Zakayo Alikataa Kuingia

Nyinyi vijana mnaopita hapa mtaani Section 58 na fomu zenu kwenye ubao, kalamu imefungwa kwa uzi isipotee, nawaona. Juzi mmoja wenu alibisha kwangu, msichana mwenye adabu. "Sasa, mzee. Tunafanya utafiti." Nikampa kiti, mke wangu akampa chai, akaniuliza mpaka chai ikapoa. Nyumba ina vyumba vingapi, redio ninayo, kuku ninao, maji natoa wapi. Alipofunga fomu yake nikamwomba na mimi niulize swali moja tu.

"Mama, kwani unafikiri utapata nini?"

Akashtuka kidogo. "Mimi sifikiri kitu, mzee. Mimi nakusanya tu."

Sikumjibu, kwa sababu mgeni hagombezwi akiwa na kikombe mkononi. Lakini hilo neno limekataa kushuka kooni. Ndiyo maana nimeomba karatasi kwa mjukuu wangu.

Mimi kazi hiyo ya kubisha na kuuliza nimeifanya tangu ndevu zikiota mpaka meno yalipoanza kuniaga. Shule nilifika darasa la nne, na hata hilo la nne nilikaa karibu na mlango. Lakini nilijua Kiswahili, Kiluhya cha nyumbani, Kijaluo cha kuchezea mpira, na Kiingereza cha kuombea kazi, basi nikawa mkalimani wa watafiti. Wao wanaandika vitabu, mimi nabeba begi na kuwaonyesha mahali mbwa ni mkali. Wasomi wana neno lao, nadharia. Mimi nilikutana na kitu chenyewe miaka mingi kabla sijasikia jina lake, hapa Nakuru, kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa kinu kimoja cha unga, ambako nami nilikuwa na chumba. Mpaka leo nikikikumbuka nywele zinasimama, zile zilizobaki.

Wacha kwanza niwape kisa cha Mai Mahiu, ingawa kilitokea baadaye sana. Kijana mmoja mtafiti alitaka kujua habari za madereva wa malori, pale chini ya mteremko ambapo lori hupumzika breki zikinuka. Nikamuuliza, "Habari gani ya madereva?" Akasema, "Habari yote."

Ole wetu. Tuliuliza wanakula nini, wanasali wapi, nani anawanyoa, wanapenda lori la rangi gani. Dereva mmoja mnene, mdomo umejaa nyama choma, aliniambia, "Karani, umesahau kuniuliza kama nimechanjwa." Nikamuuliza. Akakunja mkono wa shati akanionyesha kovu. Tukaandika! Tulirudi Nakuru na sanduku la majibu, kijana akaketi mbele yake kama mtu aliyetoka sokoni na vitunguu, msumeno, kiatu kimoja na jogoo hai, moto umewaka, na hajui anapika nini. Alikuwa karibu kulia. Wala hakuwa mjinga, Kiingereza chake kilikuwa kama cha redio. Alikosa tu kile kitu alichokuwa nacho Bibi Kwa Nini.

Sasa huyo Bibi. Alikuwa Mzungu mwanamke, mrefu, pua imebabuka kwa jua. Jina lake la kweli lilikataa kukaa midomoni mwetu, na ukimpa jibu lolote lazima aseme "kwa nini?", kwa hiyo watu wa landhi walimbatiza bila maji. Kiswahili alijifunza Pwani, basi alikuja na lugha ya heshima kutushinda wote. Siku ya kwanza alimwinamia mshona magunia mmoja akamwambia, "Shikamoo, bwana." Yule bwana akajibu, "Hapana, mimi ni Zakayo." Tulicheka mpaka Jumapili. Ikawa Zakayo akipita kwenda kazini watu wanamwita, "We Shikamoo! Umeamkaje?" Na yeye anatikisa kichwa tu, kwa sababu alikuwa mtu mpole.

Huyo Zakayo ndiye mwenye hadithi hii, kwa hiyo mshikeni vizuri. Alitoka Magharibi kama mimi, ila si ukoo wangu. Kazi yake kinuni ilikuwa kufunga midomo ya magunia ya unga, na ile sindano kubwa ya magunia hakuiacha. Akitoka kazini anaichomeka kwenye ukosi wa shati, na kanisani pia ilikuwa pale. Mkewe, Rebeka, alikuwa mjamzito, tumbo limefika. Mara mbili alijifungulia kule nyumbani, mbali na daktari, na mara mbili walizika. Safari hii Zakayo alikuwa ameapa kwamba mtoto atazaliwa katika hospitali ya Nakuru. Na ili Rebeka akae Nakuru, lazima Zakayo awe na chumba, na chumba ni cha mwenye kazi. Ukipoteza kazi leo, kesho uko kwenye gari la kurudi nyumbani.

Landhi hamzijui tena. Ni laini ndefu ya vyumba vya mawe, mgongo kwa mgongo. Mfanyakazi mmoja anapewa chumba kimoja, mlango mmoja, na kidirisha kidogo juu karibu na bati ambacho hata paka anafikiri mara mbili kukipita. Humo ndani ndimo jikoni, ndimo sebule, ndimo chumba cha kulala. Shida ilikuwa hii: askari wa kampuni walipopita alfajiri walikuta wanaume wengi katika vyumba visivyo vyao. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na mtu akionekana mahali si pake aliulizwa kwanza na rungu, mdomo baadaye. Kampuni ikaogopa kwamba watu wanafichana. Ikatangaza kwamba atakayekutwa amelala chumba cha mwingine, kazi yake imeisha. Na Bibi aliporuhusiwa kuingia landhi kwa utafiti wake, aliruhusiwa kwa sharti la kuiambia kampuni mambo haya ni nini.

Basi Zakayo alikutwa. Alikuwa amelala kwa Mutiso, Mkamba aliyekuwa akipaka mashine mafuta, bachela, mtu wa mizaha. Askari wakamuuliza Zakayo kwa nini hakulala kwake. Akasema, "Nilimtembelea rafiki." Wakamuuliza Mutiso. Mutiso akasema, "Kweli, amenitembelea. Amenitembelea tangu mwezi uandame, na anakoroma kuliko kinu." Hilo halikusaidia. Mzungu wa landhi, ambaye tulimwita Bwana Saa kwa sababu hakuongea na mtu bila kutazama mkono wake, akampa Zakayo mpaka Jumamosi aeleze vizuri au afunge mizigo.

Zakayo hakueleza.

Bibi alipanga chumba nyuma ya duka la Muhindi mmoja. Pale sakafuni alichora landhi nzima kwa chaki, kila laini, kila mlango. Halafu tukachagua mbegu. Mahindi ni sisi wa Magharibi, maharagwe ni Wajaluo, mtama ni Wakamba, na wengine vivyo hivyo. Kila mwanaume aliyelala nje tungemweka pale alipolala.

"Nakwambia mapema ninachofikiri," Bibi akasema. "Mtu akiwa mgeni mjini hutafuta watu wa kabila lake. Kwa hiyo tutaona mahindi yamelala na mahindi, maharagwe na maharagwe."

Ilikuwa na akili. Hata mimi niliona hivyo. Tukazunguka landhi kuuliza, tukarudi tukaweka mbegu, tukasimama kutazama. Mahindi yalikuwa yamelala na maharagwe! Mahindi na mtama! Karibu kila mahali mtu alimwacha ndugu yake mlango wa tatu, akaenda kulala kwa mtu ambaye hata kuagana hawaelewani. Tulipokuwa tunashangaa, kuku wa duka akaingia akala Waluhya wote wa laini ya mwisho. Tukamfukuza, lakini hata bila wale jambo lilikuwa wazi.

Nikamtazama Bibi nione hasira. Nilizoea kwamba Mzungu akikosea, wewe ndiye umekosea. Huyu aliketi sakafuni katikati ya chaki, akapiga makofi kama mtoto. "Limeanguka, Hezroni! Wazo langu limeanguka kabisa! Sasa tutaona kitu."

Sikuelewa. Nilidhani jua limempiga. Leo ndiyo naelewa, na ninyi muelewe mkiwa bado na meno: kama hangekuwa na wazo, zile mbegu zingekuwa mbegu tu. Zilimshangaza kwa sababu alitegemea zikae vingine.

Akakaa pale akizungusha punje ya hindi kwenye vidole. Halafu akaniuliza, "Hezroni, mama wa mke wako akija kesho kutoka nyumbani, wewe utalala wapi?"

Nikacheka. "Si nitatoka."

"Kwa nini?"

"Bibi! Ni mama mkwe! Na chumba ni kimoja!"

"Utaenda kwa binamu yako, laini ya pili?"

"Kwa binamu? Hapana kabisa. Mama mkwe wangu ni mkwe wa ukoo wote. Asubuhi atapita huko kusalimia, wake za ndugu zangu watamkaribisha chai, na mimi anikute nimelala mdomo wazi, blanketi imeanguka? Ni afadhali nilale kituo cha polisi."

"Basi utaenda wapi?"

"Mahali mama hana sababu ya kukanyaga. Kwa Mjaluo. Kwa Mkamba. Mwaka jana nilikuwa kwa Mjaluo wa boila."

Akaacha kuzungusha ile punje. "Mwaka jana. Na hukuniambia?"

"Hukuuliza, Bibi. Na mimi sikujua ni habari. Nani humweleza mgeni kwamba mvua inatoka juu?"

Hapo ndipo kitu kilinipita mwilini. Sijui nikieleze vipi. Mimi nililijua jambo hili tangu nikiwa mtoto, nimelitii, nimelala kwenye mkeka wa Mjaluo kwa ajili yake, na zile mbegu nilizipanga kwa mikono yangu mwenyewe. Lakini sikuliona. Bibi hakulijua, na ni yeye aliyelitafuta. Mmoja wetu alikuwa na jibu bila swali, mwingine swali bila jibu, na tumekuwa tukitembea pamoja kila siku kama viatu vya watu wawili.

Akasimama, sketi imejaa chaki. "Macho hayaendi yenyewe, Hezroni. Macho hutumwa. Tuliyatuma yakatafute kabila. Sasa tuyatume yakatafute mama mkwe."

Halafu akanieleza wazo lake jipya, pole pole, akitafuta maneno. Alisema nyumbani kwetu heshima ina nafasi yake ya kukaa: kuna nyumba ya huyu, kibanda cha yule, mgeni wa heshima hutengewa pake, na katikati kuna uwanja. Huku landhi uwanja umeondolewa, kumebaki chumba. Lakini heshima haikuondolewa, imepanda gari la moshi pamoja na watu. Kwa hiyo watu wanatengeneza uzio kwa kitu walichonacho, na kitu walichonacho tele mjini ni mtu baki. Mtama ule kwenye chaki ulikuwa uzio.

Nilimsikiliza mdomo wazi, kweli kama nimelala.

"Sasa sikia," akasema. "Kama wazo hili lina nguvu, kuna mambo lazima tuyakute. Mwanaume akilala nje, chumbani kwake kuna mama mkwe. Bachela halali nje. Na kule Ndabibi, kwenye mashamba, ambako mfanyakazi anaruhusiwa kujijengea vibanda, hakuna atakayelala kwa mtu baki, hata mkwe akija."

"Wewe umefika Ndabibi lini?"

"Sijafika."

"Basi unajuaje?"

"Ndiyo maana nasema leo. Nikifika kwanza ndipo niseme, hiyo ni hadithi tu. Nikisema kwanza ndipo nifike, nimejiwekea mtego mwenyewe."

Vijana, nimesikia wahubiri wengi, nimesikia wanasiasa wakipiga meza. Sijasikia neno la ujasiri kama lile. Mtu anajiwekea mtego, halafu anautembelea!

Landhi tulimaliza haraka. Tulipobisha pale ambapo mwenyewe alilala nje, mlango baada ya mlango tulikuta mama mzee ameketi na mjukuu mapajani. Kila mara nilisikia baridi mgongoni, nikamtazama Bibi, naye ananiambia, "Uliza, Hezroni, usinitazame mimi."

Ndabibi tulikwenda kwa lori la maziwa, tumekaa juu ya madebe, Ziwa Naivasha upande mmoja likimeta kama bati jipya. Nyapara wa shamba alikuwa mzee mmoja mcheshi. Tukamuuliza habari ya wakwe. "Mama mkwe akija?" akasema. "Kwani hamuoni kile kibanda? Mwanaume akisikia mkwe yuko njiani, anakata fito. Huko Nakuru mnalala kama njugu kwenye ganda, sisi hapa tuna ardhi, hata kama si yetu." Tukazunguka. Ilikuwa vile vile alivyosema Bibi akiwa kwenye chaki nyuma ya duka, kabla hajatia mguu Ndabibi. Niliogopa kidogo. Nyumbani kwetu mtu anayesema ya mbali kabla ya kuyaona anaitwa jina lingine.

Isipokuwa mmoja. Tulikuta mwanaume ana vibanda vyake viwili, na bado alikuwa analala kwa Mturkana mchunga ng'ombe. Moyo wangu ukashuka. Nikamuuliza kama mama mkwe yupo. "Mama mkwe?" akasema. "Hapana. Ni mke. Amenifungia nje kwa sababu ya pombe."

Nikamwambia Bibi, "Huyu tumwache. Hii si nadharia, hii ni ndoa." Sikusema nadharia wakati ule, nilisema "wazo", lakini mmenielewa.

"Usimwache," akasema. "Mweke. Wazo halikuja kueleza kila mtu. Likieleza kila mtu, haliko kazini, linalala."

Tulirudi Nakuru Jumamosi yenyewe, vumbi mpaka kwenye kope, tukaenda moja kwa moja kwa Bwana Saa. Waliongea Kiingereza. Mimi nilishika vipande tu, lakini uso wa yule bwana niliusoma wote: kwanza alicheka, halafu akatazama saa, halafu akachukua kofia. Bibi akamfuata nyuma akisema, "No, no." Akanigeukia, ameingiwa na hofu. "Anasema kama ni kweli, ni rahisi kujua. Anakwenda kumwamuru Zakayo aingie."

Na mama yake Rebeka alikuwa bado mle ndani, amekuja kwa ajili ya uzazi. Zakayo akiingia, amevunja kitu ambacho hakiungwi tena, na mbele ya watu. Asipoingia, kazi imekwisha, na Rebeka atajifungulia njiani. Hilo wazo zuri tulilolibeba kutoka Ndabibi kama yai, sasa lilikuwa limewekwa shingoni mwa mtu.

Landhi nzima ilitoka. Mlango wa Zakayo ulikuwa wazi. Ndani, ukutani kabisa, mama mzee alikuwa ameketi chini ametupa mgongo, leso ameivuta juu ya kichwa. Rebeka alisimama karibu na kitanda, mkono mmoja kiunoni. Zakayo alikuwa nje, hatua chache, ametazama upande wa kinu.

"Zakayo!" Bwana Saa akasema kwa kile Kiswahili chao. "Hii nyumba yako?"

"Ndiyo, bwana."

"Ingia."

Zakayo aliendelea kutazama kinu.

"Mimi nasema ingia! Mlango iko wazi!"

"Iko wazi, bwana," Zakayo akasema pole. "Lakini siwezi."

"Nani nazuia wewe? Mimi hapana ona mtu."

"Hakuna mtu, bwana."

"Kama hapana ingia, kazi kwisha. Nasikia?"

Zakayo hakutazama mlango, hakumtazama bwana. Aliinua mkono kwenye ukosi, akachomoa ile sindano ya magunia, akaipangusa kwenye suruali, akamnyoshea Bwana Saa kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa. Nikamwona Rebeka ameshika tumbo. Hakumwambia mumewe aingie. Alijua gharama yote, na hakumwambia.

Bwana Saa alikuwa na hasira sasa, au haya, kwa Wazungu rangi ni moja. Akamsukuma Zakayo kando akaelekea mlangoni aingie yeye mwenyewe, aonyeshe kwamba mlango ni mlango. Akainua mguu. Kiatu kilikuwa hewani juu ya kizingiti. Mle ndani yule mama alisikia kiatu, akajikunyata zaidi ukutani, akawa mdogo kama furushi.

Na kiatu hakikushuka ndani. Kilikaa hewani, halafu kikarudi nyuma, pole pole. Bwana Saa akavua kofia.

Nimeishi miaka mingi na sijaona ajabu kama ile. Mlango uko wazi, hakuna komeo, hakuna askari, hakuna hata pazia, na wanaume wawili wamesimama mbele yake wameshindwa kupita. Lile neno alilolisema Bibi juu ya chaki, nililiona kwa macho yangu. Uzio ulikuwa pale. Ungeweza kuufungia mbuzi.

Ndipo Mutiso akapaza sauti kutoka nyuma ya watu: "Bwana, usimfukuze! Mimi sasa bila kukoroma kwake silali!" Watu wakaangua kicheko, na sidhani Bwana Saa alielewa, lakini kicheko hicho kilimpa nafasi ya kurudi nyuma. Akamrudishia Zakayo sindano. "Kwenda kazi," akasema, na hakutazama saa.

Wiki ile ile mtoto alizaliwa hospitali, msichana, mzima. Wakamwita Salome.

Ngoja, kuna kipande kimebaki. Bwana Saa aliguswa, akatoa stoo moja tupu mwisho wa laini, wanaume wenye wakwe walale humo. Bibi akamwambia, "Hawatalala." Bwana Saa akauliza kwa nini. "Kwa sababu humo mtu atamkuta shemeji yake, au baba mkwe wake. Wape stoo mama wakwe." Hakusikia, akaweka vitanda vya wanaume, na vikalala vumbi tupu mpaka panya wakazaa humo. Alipowapa mama wakwe, ilijaa kabla ya Krismasi, na askari wa alfajiri wakakosa kazi. Zakayo, ambaye hakusoma hata siku moja, alinieleza kazi ya wazo kwa lugha ya gunia: "Karani, uzi ni mwingi hapa kinuni. Lakini uzi bila sindano hauingii popote."

Bibi alirudi kwao. Zakayo amekwishalala, Mungu amweke pema. Lakini Salome ameolewa, na anakaa hapa hapa Section 58, nyumba ya pili kutoka kwangu. Mumewe ni mwalimu wa hesabu, mtu wa Kisii, kijana wa mjini. Nyumba yao ina vyumba tele, kila kimoja na kitasa chake. Siku moja nilimsimulia habari za landhi akacheka sana. "Mzee, hizo ni za zamani. Sisi tuna milango."

Mwezi uliopita Rebeka, bibi kizee sasa, alikuja kumtembelea binti yake. Nilimwona akishuka na kikapu. Nikamwambia mke wangu, "Jioni mwalimu atatoka na blanketi."

"Atakuja kwetu, basi," mke wangu akasema. "Nitandike ile sofa?"

"Usitandike. Kwetu Rebeka atakuja kunywa chai asubuhi. Atatupita. Atakwenda kwa Kalasinga fundi wa injini."

"Acha uchawi, mzee."

Nikaweka kiti changu getini, nikakaa. Sikuwa na uhakika, nawaambia kweli. Mtego ulikuwa wangu safari hii, na moyo ulinipiga kama siku ile ya lori la maziwa. Jua lilipoelekea kwenye vilima, mwalimu akatokea, blanketi ameikunja kwapani anaificha kama kitu cha kuiba. Akafika getini kwangu. Akanisalimia. Akapita.

"Mwalimu," nikamwita. "Vyumba vyote vile, unakwenda wapi?"

"Hapa kwa Kalasinga tu."

"Kwa nini?"

Akasimama. Akatazama nyumba yake, taa zimewashwa, madirisha mapana. Akafikiri, kweli kabisa niliona anafikiri.

"Sijui, mzee," akasema. "Sijui tu."

Akabisha kwa Kalasinga, akafunguliwa. Mimi nikabaki pale getini, mwili umenisisimka, na hakukuwa na mtu wa kumwambia isipokuwa nyinyi.